Kompyuta Isiyouliza Wewe Nani

Pampu ya kisima cha Korbesa ilikuwa inazimika mchana, jua likiwa kali, na mkubwa wetu hapa Isiolo alishaamua ni kosa la nani: mtunza pampu. Akamwita ofisini amfute kazi mbele yangu, mimi ninayetunza kompyuta za mradi wa maji.

Nilishuku kuna jambo. Siku zile sikumwamini mtu yeyote, hata huyo mtunza pampu.

Pampu huendeshwa na kompyuta iliyoko kisimani, na hiyo ilipangwa kuziamini mbili za ofisini: yangu na ya mkubwa. Amri ikitoka kwa moja ya hizo, ilitii papo hapo. Haikuuliza nenosiri, wala nani ameketi kwenye kiti. Mkubwa ndiye aliyeagiza hivyo, maana alichukia kuulizwaulizwa. Amri za kuwasha na kuzima aliziandika kwenye karatasi akaibandika pembeni mwa skrini yake.

Mtunza pampu alifika na vumbi la lori lililomtoa kisimani, upande wa Merti. "Salaam aleikum," akasema, hakuketi. Mkubwa alianza kumfokea hapo hapo mbele ya meza yangu. Kabla hajamaliza, simu ya mtunza pampu ikalia. Alikuwa nduguye wa Korbesa, akaiweka kwenye spika tusikie sote.

"Abo, ndugu yangu, maji imekatika tena! Ngamia wamesimama tu kwa birika!"

"Na mimi niko hapa," mtunza pampu akasema, akimtazama mkubwa. "Sasa nani amefunga?"

Kompyuta yangu ilikuwa mbele yetu na hakuna aliyeigusa. Ikabaki moja.

Chumbani kwa mkubwa kulikuwa na mgeni, mwenye malori ya kuuza maji huko Korbesa. Alikuja mara kwa mara, na kwetu mgeni haulizwi shida yake. Anapewa chai na kiti kizuri. Kiti kizuri ni cha mkubwa. Nilipofungua mlango alikuwa amekikalia, anapuliza chai. Akatabasamu. Sijui mkubwa alijua kiasi gani, na mpaka leo namtazama kwa jicho la pembeni.

Nilirudi mezani nikaiondoa kompyuta ya mkubwa kwenye zile zinazoaminiwa. Mkubwa hakulirudia tena lile la kufuta kazi. Mtunza pampu alisimama nyuma yangu akisoma skrini.

"Na hii yako, dada?"

Iliniuma sana. Kisha nikaiondoa nayo.

Siku hizi nikitaka pampu izimwe kwa matengenezo, nampigia yeye simu. Sauti yangu anaijua vizuri. Hata hivyo, kabla hajagusa swichi, ananiuliza: "Wewe nani?"