Kalanga ya Mapasa Mbele ya Inspekteri

Bajukulu yangu, kila siku munatupa kreyon chini juu ya ekwasio ya shimi, ile masomo ya kemia, munasema iko nguvu. Munyamaze kwanza. Hakuna muntu shimi imemupatisha haya kupita minyi, na minyi sikumalize hata masomo ya batoto badogo.

Ilikuwa wakati ya Babelji, hapa Kamina. Nkambo yenu, bwana yangu, alikuwa mwalimu ku misioni, bakamupa klasi ya juu kwa kumujaribu: inspekteri atakuja, atasikiliza somo moja, kama haiko muzuri, nkambo anarudi kwa batoto ya a-e-i-o-u, na nyumba ya matofali tunaitoka. Klasi haikuwa na chupa wala dawa ya kuonyesha. Basi asubui ananiambia, "Mama Mapasa, nifungie mahindi mbili-mbili mu majani, paketi mbili, iyo njo idrojeni. Kalanga mbili, paketi moja, njo oksijeni. Mu klasi tutaachanisha kalanga, kila moja na mahindi yake mbili, na ile njo maji."

Kuachanisha kalanga! Minyi nilizaa mapasa, Kyungu na Kabange, na kwetu Baluba mapasa habatenganishwe, kintu unapatia mumoja unapatia na mwenzake. Na ile kalanga ililala mbili mu jani moja kama batoto yangu. Nikawaza, kama mahindi ni paketi moja tu, kalanga itabakia pamoja. Basi paketi ingine nikaifunga mu pembe ya kitambaa yangu (kichwa yangu ilikuwa nguvu, na mupaka leo haijalainika), nikaenda kukaa nyuma mu klasi na mapasa yangu, niangalie bwana yangu akisifiwa.

Anafungua majani, anatafuta paketi ya mahindi yenye haiko, jasho inatoka. Munafunzi mumoja anaitwa mbele, anachanganya yote fungu moja: mahindi mbili, kalanga mbili.

"Hakuna yenye imebakia, mwalimu! Iko sawa!"

Inspekteri, Mubelji wa ndevu, anasogea. "Sawa, iko sawa. Lakini iyi haiko maji, kalanga imezidi moja. Iyi njo dawa yenye banamwanga pa kidonda ku dispansere. Mwalimu, weye utaikunywa?"

Klasi inacheka. Bwana yangu ananyoosha mukono atoe kalanga moja, na minyi (ee, kinywa yangu!) nikasimama: "Baba Mapasa, usitenganishe mapasa!"

Kicheko ikapanda mupaka ku malata ya juu ya nyumba. Nikakimbia mbele kuokoa kalanga, Kabange pa mukono, Kyungu pa mugongo, na nilipoinama Kyungu akapitisha mukono juu ya bega yangu, moja ikaingia mu kinywa. Kabange kuona vile, kilio! Nilifanya nini? Nilifanya yenye kila mama wa mapasa anafanya, nikamupatia ya pili. Oksijeni yote ikaliwa mbele ya serikali.

Bwana yangu angeweza kusema, mutoe huyu mwanamuke. Akauliza polepole, "Mama Mapasa, mahindi yangu iko wapi?" Nikafungua kitambaa, nikamupatia. Akaweka mahindi mbili mu mukono ya Kyungu, mbili mu mukono ya Kabange.

"Banafunzi, Kyungu iko na nini?"

"Kalanga moja, mahindi mbili!"

"Na Kabange?"

"Kalanga moja, mahindi mbili!"

"Basi ni nini?"

"Maji! Maji mara mbili!"

"Njo vile. Bintu ikikosa, hatushindilie mu fungu moja, tunaleta paketi ingine nzima. Mapasa banaachana, lakini hakuna mwenye anapunjwa."

Inspekteri alicheka mupaka akatoa miwani apanguze macho. Klasi ya juu ikabakia ya bwana yangu.

Ile magaribi nilimupikia bukari, ile ugali yetu, bila kuinua macho. Akakula, akanawa, akasema, "Aksanti, Mama Mapasa. Ile somo hawataisahau." Paka ile, hakuna ingine. Hakunikumbusha ile haya hata siku moja, na njo sababu ninamushukuru mupaka kesho, hata sasa amelala mu udongo.

Leo Kyungu iko Kaniama, Kabange iko ku Base, kambi ya basoda. Nikituma kitunga ya mahindi huku, ninatuma na kule. Lakini mahindi ya mwalimu, minyi sigusi tena. Sasa muokote ile kreyon.