Diwali ya Dona Kokila: mwaka niliokaa baraza moja na Mhindu hapa Palma

Wakuu, salamu kutoka huku ng'ambo ya Ruvuma.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia. Anayetaka kubisha abishe, ila anisome kwanza hadi chini.

Mimi ni Mwislamu, fundi cherehani, mzaliwa wa Palma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado. Vita vilipoingia mjini tulikimbilia kijiji jirani cha Quitunda, kisha tukatawanyika. Tuliporudi nilikuta kibanda changu cha kushonea hakina hata bati moja.

Aliyenipa pa kuweka cherehani ni Dona Kokila, mjane wa Kihindu mwenye duka la vitambaa. Babu zake walitoka Diu, India, yeye kazaliwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa cha Zanzibar. Mumewe alifia ukimbizini. Wanawe wako Maputo na walimsihi auze duka ahamie kwao. Akawaambia, "Nipeni mwaka mmoja. Nikishindwa nitakuja."

"Kaa barazani kwangu, fundi," akaniambia. "Mteja akinunua kitambaa, anashonewa hapo hapo."

Nikakaa. Niseme ukweli, nilichojua kuhusu hawa watu ni ile methali ya Baniani na kiatu chake. Basi.

Januari nikamkuta uani anahangaika na tiara ya karatasi. Mama mtu mzima! Kumbe ni Uttarayan, siku wanayoadhimisha jua kugeuka kwenda kaskazini. Kule India baridi inaanza kuondoka, watu wanapanda mapaani kurusha tiara na kula kashata za ufuta. Huku kwetu Januari ni mvua. Tiara ililowa kabla haijafika paani. Tukala kashata.

Machi ikaja Holi, sikukuu ya rangi. Wanakaribisha majira mapya na kusameheana waliokoseana. Ilitukuta Ramadhani. Alingoja adhana ya magharibi, akaniletea tende, nilipokwisha kufuturu akanipaka rangi ya waridi shavuni. Niliosha uso kabla ya kwenda msikitini, lakini sikio lilibaki waridi. Alicheka hadi imamu.

Agosti ndipo mambo yakawa mazito.

Kuna siku yao inaitwa Raksha Bandhan. Dada anamfunga kaka yake uzi mkononi na kumwombea heri, kaka naye anaahidi kumlinda. Kaka wa Dona Kokila yuko Nampula, na siku zile barabara ilikuwa haina usalama. Akaja barazani na sahani, juu yake uzi mwekundu.

"Fundi, mwaka huu sina kaka karibu. Utakubali?"

Nikababaika. Nikamwomba anipe hadi jioni. Wakuu, niliogopa kuharibu dini yangu. Nikaenda nyumbani kumweleza mke wangu, Zaina.

"Kakuomba uabudu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kakuomba nini?"

"Niwe kaka yake."

"Sasa unachowaza ni nini, Abdala? Mtu yuko peke yake mji mzima huu."

Nikarudi, nikanyoosha mkono. Tangu siku ile ananiita bhai, yaani kaka, na wanangu wanamwita shangazi.

Baadaye ikaja Navratri. Siku tisa alifunga kumtukuza Durga, mungu wao wa kike aliyeushinda uovu. Kwao wanawake hucheza pamoja kwenye duara. Yeye alicheza peke yake uani, muziki ukitoka kwenye simu. Huwezi kufanya duara peke yako, wakuu. Niligeuza uso.

Ndipo ikafika Diwali.

"Bhai, nataka kuwasha taa," akasema. "Zianzie barazani zifike njiani."

Nikaenda kwa sekretario wa bairro, yaani mwenyekiti wa mtaa, kuomba ruhusa. Akasema taa sawa, fataki hapana, na majirani wote wawe wameridhia. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wote waliridhia isipokuwa Bi Mwanaesha wa nyumba ya mbele yetu. Nyumba yake ya zamani iliteketea kwenye vita.

"Sitaki kuona moto njiani," akasema. Akafunga mlango.

Nilimpelekea Dona Kokila jibu hilo huku nimeinamisha kichwa. Wanawe walikuwa wameshampigia kuuliza anakuja lini. Nikajua safari ya Maputo imeiva.

Yeye akajitanda kitambaa chake, akaniambia, "Nipeleke kwake."

Bi Mwanaesha alitukaribisha kwa shingo upande. Dona Kokila akasema, "Sikuja kukubembeleza. Kama zitakuumiza, siwashi. Nimekuja kukueleza tu ni za nini."

Akamsimulia. Mwana wa mfalme, Rama, na mkewe Sita walifukuzwa kwao, wakaishi msituni miaka kumi na minne. Walipata tabu, walipigana, mwisho wakarudi. Usiku wa kurudi haukuwa na mwezi. Watu wa mjini wakaweka taa kila mlango, wapate kuiona njia ya nyumbani.

Bi Mwanaesha akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Na sie tulilala porini," akasema. "Tumerudi. Nani alituwashia taa?"

Dona Kokila machozi yakamtoka.

"Hata mimi hakuna aliyeniwashia," akasema.

Magoti yao yalikuwa yanagusana. Kisha Bi Mwanaesha akauliza, "Hizo taa zitatosha na mlangoni kwangu?"

Jioni ya Diwali, baada ya magharibi, kila nyumba iliyorudi mtaani kwetu ilichukua kibakuli cha udongo chenye mafuta na utambi wa pamba. Bi Mwanaesha aliwasha njiti ya kiberiti, akaizima. Dona Kokila akamshika kifundo cha mkono, wakawasha pamoja. Taa moja Bi Mwanaesha aliiweka pembeni, ya binti yake Fatima, aliyebaki Pemba na kuapa harudi tena. Zaina akaipiga picha, akamtumia.

Asubuhi ulikuwa mwaka mpya wao. Dona Kokila akatoka akisalimia, "Saal Mubarak!"

"Mubarak?" Bi Mwanaesha akashangaa. "Kumbe Kiarabu unakijua!"

Mtaa mzima ulicheka. Siku hiyo hiyo Dona Kokila aliwapigia wanawe: "Siji. Njooni nyie."

Wiki chache baadaye Fatima akashuka kwenye chapa, daladala za huku, na watoto wake. Mama yake alimkimbilia bila viatu. Wakakumbatiana katikati ya njia, dereva anapiga honi, hakuna anayesogea.

"Ni ile picha, mama," Fatima akasema. "Nilidhani kwetu kumebaki giza tu."

Wakuu, mimi bado naswali tano zangu, naye bado anasali kwake. Nilichojifunza ni hiki: kabla hujauliza kama sikukuu ya jirani inakuhusu, muulize ina maana gani kwake. Unaweza kukuta ni habari yako mwenyewe.

Nyie wa Mtwara, Lindi na kwingineko mliokua na majirani Wahindu, leteni yenu. Na uliyewahi kukimbia kwenu ukarudi, nani alikupokea? Andika hapo chini, nitasoma nikiwa kwenye cherehani.