Kahawa Kwenye Dirisha la Bima

Wifi yangu Zelije anauza bima mpakani Morinë, kwenye kibanda cha bati chenye dirisha dogo. Gari la nje lisilo na kadi ya kijani, ile inayothibitisha kwamba bima ya huko litokako inafika mpaka kwetu Albania, halipiti hadi dereva anunue bima kwake. Kiangazi, wanaorudi likizo kutoka Ujerumani humtukania mpaka mama yake. Yeye hukata karatasi tu, hajibu.

Alikuwa mke wa kaka yangu Nezir. Avdyl, mtu wa ng'ambo ya mpaka aliyekuwa akifanya kazi Stuttgart, alimgonga kwa gari Nezir aliyekuwa barabarani amemshika mkono binti yake Mirsada. Nezir alikufa palepale. Mtoto alivunjika mguu vibaya. Kadi ya Avdyl ilikuwa halali, na wakili wa mjini Kukës akamwambia Zelije kwamba kampuni ya Ujerumani italipa, na mtoto atapelekwa mji mkuu, Tirana, kupasuliwa mguu unyooke.

Matanga hayajaanuliwa, Avdyl akaletwa nyumbani na wazee wa kwao. Kwetu anayeomba msamaha wa damu hagusi kahawa mpaka ajibiwe. Mimi ndiye niliyepeleka vikombe, vikakaa mbele yao vikapoa. Kile ni chumba cha wanaume, kwa hiyo mimi na Zelije tukasikiliza nyuma ya mlango.

"Kunyweni," baba yangu alisema mwishowe. "Nimesamehe damu."

"Na ile bima, Mzee Sul?" mmoja wao akauliza taratibu. "Ni haki yenu."

"Siuzi damu ya mwanangu. Hatudai kitu."

"Na mguu wa mtoto?" Zelije akanong'ona. Mama akamvuta jikoni.

Huko huko jikoni ndiko karatasi ya kuachia madai ilikoletwa, Zelije akatia sahihi. Mjane anayelala chini ya paa la baba mkwe atakataa vipi?

Kijiji kizima kilimsifu baba. Hadi leo akitajwa watu huweka mkono kifuani. Lakini sifa haiungi mfupa. Mimi nampenda baba yangu, Mungu amrehemu, ila inaniuma, maana mguu ule haukuwa wake kuusamehe. Mirsada sasa ni msichana mkubwa, anapanda ngazi akiuburuta. Wachumba huja, hunywa kahawa, humtazama anavyotembea, kisha hawarudi. Zelije alimrudia wakili baada ya miaka, akaambiwa sahihi yake mwenyewe ndiyo iliyofunga mlango.

Agosti iliyopita nilikuwa nimempelekea chakula kibandani, mwanamume mwenye mvi akasogea dirishani.

"Kadi," Zelije alisema bila kuinua macho.

"Imeisha juzi, dada. Si unajua mbio za likizo." Kisha akamwona vizuri, akamtambua. Alikuwa Avdyl.

Alikwenda mgahawa wa jirani, akarudi na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja akakiweka mbele ya Zelije, kingine akaanza kukinywa.

"Mirsada hajambo?"

"Anachechemea."

"Pole. Mzee Sul alikuwa mwanaume kweli. Yale tulishayamaliza, namshukuru Mungu."

"Naona unakunywa," Zelije alisema. "Siku ile ulingoja mpaka mzee akakujibu. Mimi nimekujibu nini?"

Kikombe kikabaki hewani. "Dada, mzee alisema..."

"Mzee ulimwomba. Mimi hujaniomba. Basi niombe sasa, niko hapa."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Avdyl akaweka kikombe dirishani, akayatazama, akamtazama Zelije, akaitazama mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Nilidhani ataomba msamaha.

"Ni kiasi gani?" akauliza. "Hiyo bima."

Zelije akamtajia. Akakata karatasi, akapiga muhuri, akampa. Gari likapita. Vikombe vyote viwili vilibaki pale dirishani hadi tulipofunga.