Mfarishi Ulioachwa Wazi Miguuni

Nasriya binti Mahfoudh alikuwa mke wa kaka yangu Harub. Kwa hiyo alikuwa wifi yangu, na mambo ya mawifi hayahitaji kuelezwa. Nitamsema alivyokuwa, na mimi Mahbuba nitajisema pia, maana ukorofi mwingi katika habari hii ni wangu.

Tulikuja Maskati mwaka wa sitini na nne, miezi michache baada ya mapinduzi ya Unguja. Tulikuwa miye, mume wangu na binti yetu Masouda wa miaka minne, pamoja na Harub na Nasriya. Mtoto wao Rahila, rika moja na Masouda, hakuwamo. Alikuwa Wete, Pemba, kwa mama yetu Bi Kheiria. Surua ilikuwa imeingia mtaani kwetu, wakampeleka huko ipite. Mambo yakachafuka akiwa bado hajarudi, na siku tuliyoambiwa meli inaondoka, anayepanda apande, Pemba ilikuwa haifikiki. Harub akamwambia mkewe mtoto atafuata baada ya mwezi. Mwezi huo ulikuwa miaka sita na zaidi.

Tukapata nyumba mbili zilizopakana, ndani ya ukuta wa mji, na Harub akapata ukarani forodhani. Nasriya hakulia mbele yetu. Akasema anataka cherehani. Harub akamnunulia ya mkono, kuukuu, ukizungusha inapiga kelele mpaka mtaa wa pili, na kila wiki mbili akawa anamletea kutoka Matrah kifuko cha mabaki ya vitambaa. Mabaki hayo alipewa na fundi Bakhit, aliyeshona nguo za kike sokoni. Yalikuwa miguu ya suruali, makwapa ya magauni, vipande vya rangi ya manjano, zambarau, kijani, vyengine havipiti kiganja cha mkono. Bakhit alikuwa akivifagia na kuvitupa.

Kwa vipande hivyo Nasriya alianza kushona mfarishi wa kujifunika usiku. Mifarishi tuliijua, kila bibi arusi kwetu alikuwa nao, lakini ya kitambaa kimoja kizuri, pamba ndani, mishono imenyooka. Huu wa Nasriya haukuwa na mpango wowote nilioujua miye. Hakukata miraba wala hakutafuta maua yalingane. Kipande kikiwa na pembe tatu kilibaki na pembe tatu. Alikiunga na chengine, akanyoosha ukingo, akaunga tena, chekundu kikapakana na zambarau bila ya aibu. Chini alitia shuka, katikati kanga zilizochakaa, akapitisha mshono tabaka zote tatu. Jirani zetu wa Kiarabu walikuja kuutazama, wakaulizana kama Harub mshahara haumtoshi. Miye nikamwambia wazi, "Wifi, unatutia aibu. Watu watadhani tunalala na matambara."

Akanijibu, "Si wako, wala si wangu. Wa Rahila."

Basi nikajua. Upande wa miguuni hakuupinda. Aliuacha wazi, nyuzi zinaning'inia, na kila mwaka Rahila alipotimiza umri aliongeza ukanda mmoja, ili umtoshe atakapokuja. Barua kutoka Wete zilikuja mara moja kwa mwaka, kwa mkono wa watu, zimepitia Mombasa, na mama yetu alikuwa akiandika mtoto mzima, anasoma, anasalimia. Hakuna aliyeandika mtoto ana urefu gani. Nani atawaza kuandika hayo?

Nilidhani anakisia tu, na sikujali. Mpaka siku moja mwaka wa sitini na saba, baada ya adhuhuri, watu wamelala kwa joto. Niliamka kutafuta maji, nikamkuta Nasriya chumbani kwa mwanangu. Masouda kalala chali. Nasriya kapiga magoti pembeni, ameshika uzi, ncha moja utosini, ncha nyengine kisiginoni.

Kwetu sisi aliyelala hapimwi. Anayepimwa naye kalala ni maiti, apate kukatiwa sanda na kuchimbiwa kaburi. Hilo Nasriya alilijua kama ninavyolijua miye, tumelelewa mji mmoja. Damu ilinipanda. Nikamnyang'anya uzi, nikaukata kwa meno, na Masouda akaamka analia.

"Unampima mwanangu kama maiti?"

"Akiwa macho hatulii," akasema. "Nlitaka kujua tu. Wamezaliwa wiki moja."

Kumbe ukanda wa kila mwaka aliupima kwa Masouda, kwa siri, tangu tulipofika. Ningeweza kuona huruma hapo. Badala yake nilimwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakosa pa kuuweka uso. Nilimwambia, "Nenda kapime wako. Kama unaye."

Akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake. Kwa miaka mitatu hakukanyaga kwangu, na miye na kiburi changu sikukanyaga kwake. Harub akija kunisalimia huja peke yake. Cherehani nilikuwa naisikia kupitia ukutani, na nikiisikia najua yuko kwenye ukanda wa mwaka ule, anakisia.

Nlimkosa. Hilo sikumwambia mtu. Maskati ya siku zile mwanamke wa Unguja, Kiarabu chake cha kuungaunga, hakuwa na wa kuzungumza naye ila mwenziwe, na mwenzangu nilikuwa nimemfukuza mwenyewe.

Mwaka wa sabini Maskati ilipata Sultani mpya, nchi ikabadilika, na watu wetu waliotawanyika wakaanza kuruhusiwa kuja. Harub hakulala. Aliandika barua, akasimama milangoni mwa maofisi, akatafuta wadhamini. Mama yetu akasema yeye haondoki, atazikwa Wete, lakini mtoto atamtoa na binamu yetu Thabit. Mwezi wa Novemba ikaja habari kwamba wamefika Dubai, na kesho yake watakuwa kwenye ndege ya Maskati.

Sikualikwa kwenda uwanja wa ndege. Nilikwenda. Siku hizo uwanja ulikuwa Ruwi, changarawe na vumbi na milima pande zote, hata duka la soda hakuna. Nasriya akaniona, akanisogezea nafasi kivulini, na huo ndio msamaha niliopewa. Hatukuutaja tena.

Thabit akashuka kamshika mkono mtoto mwembamba, mfupi, gauni la skuli, nywele kasukwa mafungu mawili. Masouda wangu alimpita kichwa kizima. Mtoto akatutazama wote, akaenda moja kwa moja kwa Harub akamwamkia, "Shikamoo, baba." Miye akaniita shangazi. Alipofika kwa Nasriya akasema, "Shikamoo," akaishia hapo.

Tulijua sababu, na haikumponya mtu. Nyumbani kwa mama yetu picha ya Harub ilitundikwa ukutani sebuleni, kavaa kanzu na kilemba. Wanawake wetu hawakupigwa picha. Rahila alikua akiuona uso wa babake kila siku. Wa mamake alikuwa akielezwa tu, na mtoto wa miaka minne atakumbuka nini?

Wiki ya kwanza tukasema ni uchovu. Wiki ya pili tukasema ni ugeni. Wiki ya tatu Nasriya alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile ya uzi, akakaa jikoni akishika kikombe cha chai bila ya kunywa.

"Haniiti," akasema.

"Ataita."

"Akinitaka ananisubiri nigeuke. Jana alisimama nyuma yangu mpaka miguu ikamchoka, anataka maji, hajui aniiteje. Mahbuba, nimemzaa mimi yule. Asiponiita, mimi nani wake?"

Nikamuuliza kuhusu mfarishi. Akasema ameutandika kitandani pa mtoto tangu siku ya kwanza, na mtoto kila asubuhi anaukunja vizuri na kuuweka juu ya sanduku. Analala na blanketi alilokuja nalo.

Nikasema nitakwenda kuzungumza na huyo mtoto. Nasriya akanikataza, akijua ninavyozungumza. Nikaenda naye hivyo hivyo.

Tulimkuta Rahila sakafuni anaandika Kiarabu, herufi kubwa kubwa. Miye sikungoja. Nikamuuliza, "Mfarishi huu una kasoro gani hata hutaki kujifunika?"

Akamtazama mamake, akanitazama miye. "Mrefu," akasema. "Nikiamka najikwaa. Nitauchafua."

"Uchafue," nikasema.

"Umeshonwa kwa kazi nyingi. Bibi kanambia nisiharibu vitu vya watu."

Vitu vya watu. Nilimuona Nasriya uso unamshuka, nikafungua mdomo nimpe mtoto vidonge vyake. Nasriya akanishika mkono. Akaenda kwenye cherehani, akachukua mkasi, akautandaza mfarishi sakafuni wote, akamwambia Rahila alale juu yake. Mtoto akalala, macho wazi, anacheka kidogo kwa haya. Miguu yake iliishia mbali na ncha. Chini ya visigino zilibaki kanda tatu, zile zote alizozishona baada ya miye kumfukuza, na kila mmoja mpana kuliko uliotangulia. Kakisia mtoto mrefu, mnene, anayekula akashiba.

Akampa mkasi. "Wako. Ukate unavyotaka."

Moyo ulinipasuka. Miaka sita ya macho na vidole! Nikasema, "Nasriya, umerukwa na akili?" Hakunisikia, au kajitia hakunisikia.

Rahila akakaa kitako na mkasi mikononi, hakukata. Akaweka kidole kwenye ukanda wa juu kabisa. "Huu nini?"

"Ulipokuwa na miaka minne," Nasriya akasema. "Hii zambarau ni suruali ya bibi arusi mmoja wa Matrah. Fundi alikosea akakata mguu mfupi, bibi arusi akamrushia kiatu."

Mtoto akashusha kidole. "Na huu?"

"Mitano. Mwaka huo homa ilinilaza, baba yako ndiye aliyezungusha cherehani. Tazama ulivyokwenda upande."

Akawa anashuka hivyo, ukanda kwa ukanda, Nasriya anajibu kila aliloulizwa, sauti yake ile ile, kama anayesoma orodha ya sokoni. Kwenye miaka sita Rahila akasema mwaka huo yeye alivunjika mkono, akaonesha pahala. Nasriya akaupapasa mkono ule, akauliza nani aliyeuunga. Kwenye miaka saba akasema alihitimu Juzuu Amma. Nasriya akasema, "Nlikuwa sijui."

Wakafika kwenye visigino. Rahila akainama, akaupima mfarishi kwa mguu wake, akasogea kidogo chini, akajiachia ukanda mmoja wa kukulia. Akaingiza mkasi baina ya manjano na kijani.

"Nikate hapa, mama?"

Hakujua kasema nini. Alikuwa anautazama mkasi. Miye nikageukia ukutani, maana nilikuwa nalia na sikutaka waniangalie. Nasriya akasema, "Hapo hapo, mwanangu," akaushika upande wa pili usijikunje.