Kona ya Shangazi

Wenzake wa idara ya mipango miji ndio waliombandika jina la Rula, na jina likamkaa vizuri kuliko suti yoyote aliyowahi kushona. Alikuwa mtu wa mstari. Akikaa mezani, kijiko na sahani lazima visalimiane sawasawa. Mke wake, muuguzi mwenye ulimi usio na breki, alikuwa akikipindisha kijiko makusudi, halafu anasubiri kuona kama bwana huyu ataweza kumeza tonge la pili bila kukinyoosha. Hakuweza hata siku moja.

Kazini alikaa ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka na meza ya kuchorea kubwa kama kitanda cha wageni. Hapo ndipo alipouchora mji, akauchora tena, na mji ukajitia pamba masikioni. Alichora stendi ya mabasi, meya wa wakati huo akaigeuza kituo cha mafuta cha shemeji yake. Alichora bustani ya kupumzikia, meya aliyefuata akaiotesha maghorofa, akasema wananchi wanaweza kupumzika majumbani kwao. Alichora soko. Soko likajengwa kweli, lakini wauzaji wote wakapanga nyanya zao nje barabarani, na mle ndani wakahamia paka. Mameya wakaja na kuondoka, kila mmoja na tumbo lake, na Rula yupo tu pale juu, anachonga penseli.

Basi alipostaafu na kutangaza kwamba anagombea umeya, aliyeshangaa zaidi ni mke wake.

"Wewe?" akauliza. "Wewe ambaye ukipigiwa simu na dada yako unanipa mimi niongee naye?"

"Nimewachorea miaka yote, hawafuati. Safari hii anayechora na anayeamua atakuwa mtu mmoja."

"Na kaulimbiu umeshapata?"

"Tunyooshe Mji."

Mke wake akaweka kikombe chini. Akamwangalia kwa jicho lile analomwangalia mgonjwa anayeapa kwamba amemeza dawa zote. "Baba watoto," akasema, "unataka kunyoosha mji mzima. Na Kona ya Shangazi je?"

"Ile inaitwa hivyo kwa sababu shangazi anakaa pale. Angekaa kinyozi ingeitwa Kona ya Kinyozi."

"Haya," mke wake akasema, akaendelea kunywa chai.

Kona yenyewe iko hivi. Chini ya kilima kuna bonde, na bondeni ndiko wanakoishi watu wengi kuliko kwingine kokote mjini, nyumba zimebanana kama meno. Mvua ikinyesha kilimani, maji yote yanashuka huko. Rula akiwa bado kijana, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, alipewa kazi yake kubwa ya kwanza: kuchora mtaro wa kuyachukua maji hayo kutoka kilimani mpaka mtoni. Akaweka rula kwenye ramani, akavuta penseli. Mstari ukashuka vizuri, ukapita uwanjani, ukapita nyuma ya duka la dawa, ukaingia moja kwa moja jikoni kwa shangazi yake.

Na shangazi huyo hakuwa wa kupeana salamu tu. Mama yake Rula alipofariki, baba akaenda kuoa mbali na akasahau kurudi, na huyu dada yake baba ndiye aliyemchukua mtoto. Jiko lile ndilo lililomlea. Amesomea mle, mgongo kwenye gunia la mkaa, daftari magotini, shangazi akimwambia soma kwa sauti nisikie kama unanidanganya. Sasa alivunje kwa mkono upi? Akaweka penseli chini, akatoka nje, akatembea, akarudi. Halafu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, Rula akachora kitu kilichopinda. Mtaro ukafika karibu na nyumba, ukakata kushoto, ukaizunguka kwa adabu zote, ukarudi kwenye njia yake. Alipoulizwa na mkuu wake, akasema ni hali ya udongo.

Sasa sikia utani wa dunia. Katika yote aliyoyachora mtu huyu mpaka anastaafu, kitu kimoja tu kilijengwa kama kilivyochorwa, bila kupungua hata unyayo. Ndiyo huo mtaro, na kona yake.

Maji nayo hayajui huyu ni shangazi wa nani. Kila mvua kubwa yalishuka na kasi yake, yakafika kwenye kona, yakashindwa kukata, yakaruka ukingo na kuingia nyumbani kwa fundi cherehani wa upande wa pili. Fundi na mke wake na watoto wanabeba magodoro kichwani, wanavuka, wanaingia kwa shangazi, ambako sakafu ni kavu. Wanakaa hapo mpaka maji yaondoke. Bonde zima lilijua kisa na mkasa. Mtu aliyeamini kwamba hakuna anayejua alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuja kuomba kura.

Meneja wake wa kampeni, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alimwambia wazi. "Bondeni ndiko kwenye watu. Ukipoteza bonde, kanunue jembe ukalime."

Rula alilijua hilo, na usingizi ulimruka. Akiwaahidi watu wa bondeni kuinyoosha kona, jiko la shangazi linavunjwa, na shangazi si mtu wa kusamehe. Aliwahi kumnunia jirani kwa sababu ya chungio mpaka jirani akahama. Asipoahidi, bonde litamcheka na umeya atausikia redioni. Akachagua njia ya tatu, ile wanayoichagua maofisa wote duniani: kuzungumza habari nyingine.

Siku ya mkutano, uwanja ulijaa. Spika zilipiga kelele kama zinachinjwa. Shangazi alikaa mstari wa mbele kabisa, kiti cha plastiki, mkoba magotini, amevaa fulana ya kampeni juu ya gauni lake. Rula akaanza. Akaongea juu ya matumizi bora ya ardhi. Akaongea juu ya msongamano na uwiano. Watu wakaanza kupiga miayo, na wengine wakakumbuka wameacha maharage motoni.

Fundi cherehani akasimama, futi yake ya kupimia imening'inia shingoni.

"Mheshimiwa mtarajiwa, mimi sina maneno mengi. Huu mji utaanza kuunyoosha wapi?"

"Kwa kuzingatia vipaumbele vya—"

"Kona ya Shangazi ni kipaumbele cha ngapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka wazee, wakacheka watoto waliokuwa mgongoni. Rula akawatazama mmoja mmoja, na hapo ndipo ilipomwingia kwamba wanajua, na walijua siku zote.

"Ile kona," akasema, "ina sababu za kitaalamu. Ni hali ya udongo."

Shangazi akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti, hajawahi kukihitaji.

"Udongo gani? Huo udongo ni mimi. Waambie."

Hata spika ziliacha kukoroma.

"Huyu nimemlea mwenyewe," shangazi akawaambia watu. "Anadhani mimi sijui. Siku waliyokuja wachimbaji nikawaona wanakata kushoto kama walevi, nikajua hapa pana mkono wa mtu wangu. Na nilifurahi, nisiwadanganye. Nikawapikia wakala wakasaza. Mvua ya kwanza tu, fundi huyu hapa akaja mlangoni na godoro kichwani, mtoto wake mdogo analia. Furaha yote ikanitoka. Tangu siku hiyo mawingu yakifunga, wenzangu wanaanua nguo, mimi nasogeza viti ukutani niwapatie nafasi. Mvua ikinyesha watu wote wanalala. Mimi silali." Akamgeukia Rula. "Wewe umepima mtaa huu wote. Hakuna ukuta hujauwekea kamba. Kuna siku ulinipigia hodi ukaniuliza?"

Meneja akamvuta koti. "Sema asanteni, tushuke," akamnong'oneza.

Rula hakushuka. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ile aliijua vizuri, ni mfinyanzi, haipasuki kirahisi.

"Sikukuuliza, shangazi."

"Mtaro ukinyooka unapita wapi?"

"Jikoni."

"Na chumbani?"

"Chumbani hapana. Unachukua jiko na kibaraza cha nyuma."

"Kumbe," shangazi akasema, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Haya, endelea na habari za msongamano."

Hii ingekuwa hadithi ya kumlaza mtoto, angeshinda. Hakushinda. Bonde lilimpa kura zake zote, la kweli lisemwe, lakini kwingine kote alizunguka meya aliyekuwa madarakani, yule waliyemwita Tabasamu, akagawa sabuni na kuonyesha meno. Rula akawa wa tatu. Wa pili alikuwa mgombea aliyefariki katikati ya kampeni na jina lake likabaki kwenye karatasi za kura.

"Umeshindwa na marehemu," mke wake akasema, akicheka mpaka anashika ukuta. Halafu akauona uso wa mumewe, akakaa karibu naye, akamshika goti. "Lakini siku ile uwanjani nilikuwepo. Nilikuona. Nilijisikia vizuri kwamba wewe ni wangu."

Wiki haikwisha, fundi cherehani akapiga simu. "Mheshimiwa," akasema, maana tangu mkutano ule hakumwita tena kwa jina lingine, "njoo na vifaa vyako. Shangazi amevunja jiko."

Rula alifika akihema. Ukuta wa jiko ulikuwa chini, matofali yamepangwa pembeni, na vijana wa mtaa wamekaa juu yake wakitafuna miwa. Sufuria hazikuwepo. Zilikuwa zimehamia ng'ambo, jikoni kwa fundi.

"Shangazi, mimi sikushinda. Sina mamlaka ya kugusa mtaro."

"Nilikuuliza kama umeshinda?" Shangazi alikuwa amekaa sebuleni, na kwa kuwa ukuta haukuwepo, alionekana mpaka vidole vya miguu. "Magodoro yao yamelala kwangu miaka yote, sasa sufuria zangu zitalala kwao. Funga kamba yako."

Rula akatoa kamba na pima maji yake, kile kifaa cha kupimia usawa. Akainama kupigilia kigingi cha kwanza. Akasita. Akanyanyuka, akazunguka mpaka pale ulipokuwa mlango wa jiko, akasimama juu ya vumbi la matofali.

"Hodi," akasema.

Vijana wakaangaliana. Shangazi akainua kichwa.

"Unapiga hodi nyumba isiyo na ukuta?"

"Ndiyo. Hodi."

"Karibu."

"Shangazi, naomba kupitisha mtaro jikoni kwako."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, macho yake yako pale kwenye pembe lilipokuwa gunia la mkaa. Rula naye aliangalia hapo hapo.

"Pitisha," shangazi akasema.

Walichimba watu wa bondeni wenyewe, saruji wakachanga, na Rula akapita kila hatua na pima maji yake akiwasumbua: chimba tena, hapo pamenyanyuka, hapo pamelala. Wakamtukana, wakachimba tena. Ulipokamilika, Tabasamu akaja na mkasi kukata utepe, akahutubia kwamba haya ni matunda ya uongozi wake. Hakuna aliyembishia, alikuwa amekuja na soda.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana, Rula akiwa sebuleni kwa shangazi. Maji yalishuka na mbio zao zile zile, yakapita pale lilipokuwa jiko, yakaenda zake mtoni bila kuaga. Mara mlango ukasukumwa, akaingia fundi cherehani na godoro kichwani, amelowa chepechepe.

"Umefuata nini?" shangazi akamwuliza.

Fundi akageuka kuitazama nyumba yake, ambayo ilikuwa kavu isipokuwa paa. "Hata sijui," akasema. "Ni mazoea."

"Rudisha godoro la watu, unalilowanisha bure."

Fundi akaenda. Wakabaki wawili wakisikiliza mabati.

"Ningekuuliza siku ile," Rula akasema, "haya yote yasingetokea."

"Ungeniuliza siku ile ningekukatalia," shangazi akasema. "Jiko langu lilikuwa jipya. Ningekufukuza na mwiko. Ungerudi, ningekufukuza tena. Fundi angekuja tukagombana, tukanuniana, mke wake angeingilia kati, na mwisho ningechoka ningekubali. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea. Wewe ukachora tu."

Rula akageuka kuutazama mtaro. Alipomgeukia, shangazi alikuwa amelala pale pale kwenye kiti, kichwa kimeinama, mdomo wazi kidogo, anakoroma taratibu, na nje mvua inamwagika. Viti vingine alikuwa ameshavisogeza ukutani tangu asubuhi mawingu yalipofunga, na kimoja kilikaa upande. Rula akapeleka mkono akinyooshe. Akakiacha hivyo hivyo, asije akamwamsha.