Toleo lililochelewa wiki moja

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la Afrika Kusini, watu wengi kanisani kwetu Durban walikuwa wakisubiri karatasi za ukimbizi, au simu ya kuitwa safari ya kuhamia ng'ambo. Sisi watu watatu tulikuwa tukisubiri mfumo mpya wa kuendesha kompyuta.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa bure. Waliouunda waliishi mbali, sikujua wapi, na kabla ya kuukamilisha walitoa toleo la majaribio, ili watu kama sisi tuliweke kwenye mashine zetu, tuone linakwama wapi, kisha tuwaandikie. Toleo la namna hiyo linaweza kuzima mashine ukiwa katikati ya kazi. Kwetu huo ndio ulikuwa utamu wake. Unaona kitu kabla ya wengine, kikiwa bado kinajikwaa.

Aliyetuingiza katika mambo hayo nilimwita grand, kama Wakongomani tunavyomwita mkubwa wetu hata kama hatukuzaliwa naye; mimi aliniita petit, mdogo wake. Alilinda magari Point, karibu na ufukwe, akiwa na kizibao chake cha kung'aa. Alikuwa na mke, watoto wawili, na laptop nyeusi yenye kifuniko kilichofungwa utepe. Mwenzetu mwingine alikuwa Mrundi mwenye kibanda cha kutengeneza simu sokoni Warwick. Tulitumia intaneti yake. Mimi nilimsaidia mama mdogo kuuza nguo za watoto hatua chache kutoka hapo. Shule niliishia ya msingi, na mbele ya watu sauti yangu hupotea, lakini kwenye kibanda kile niliweza kukaa mchana mzima bila mtu kuniuliza kwa nini sisemi.

"Safari hii itawaka haraka," grand alisema siku moja, akisoma ukurasa wa watengenezaji.

"Ulisema hivyo mara iliyopita," Mrundi akajibu bila kuondoa macho kwenye simu aliyoifungua. "Nilienda kununua chai, nikarudi, bado inafikiri."

"Ni mashini yangu iko mzee. Si mfumo."

"Basi wazee wawili wameoana."

Grand alicheka mpaka mteja akageuka. Halafu akanionyesha ukurasa. Toleo lingetoka Alhamisi. Yeye na familia yake wangeondoka Jumatatu inayofuata, maana kesi yao ilikuwa imepita na walikuwa wamepewa tarehe ya ndege ya kwenda Amerika. Alihesabu kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. "Inatosha," alisema. "Nitaiona, nitaigusa, ndipo niende."

Kwetu mtu akipata safari habebi nyumba yake. Anabeba mabegi anayoruhusiwa. Vingine anavigawa siku ya kuagwa, baada ya ibada, mbele ya watu wote, na kila kitu kinaombewa pamoja na anayekipokea. Godoro lao lilikuwa limeahidiwa mjane mmoja, sufuria kubwa kwa mama mmoja wa kwaya, pasi kwa jirani. Laptop, grand alikuwa ameshaniambia, ingekuwa yangu.

Alhamisi ilipofika, ukurasa ulisema toleo limekutwa na kosa na limesogezwa wiki moja. Grand aliusoma mara mbili. Mrundi alizima redio, kama mtu anayeheshimu msiba, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Mimi nilifurahi. Ilikuja haraka, kabla sijaweza kuizuia. Nilifikiri: litatoka mashine ikiwa yangu. Mimi ndiye nitakayebonyeza. Nilitazama chini ili grand asione uso wangu, naye akadhani nina huzuni kwa ajili yake, akanishika bega.

"Usijali, petit. Utaniandikia iko namna gani. Hata polepole, nitasubiri."

Jumapili waliagwa. Mchungaji aliwawekea mikono, wamama waliimba, vitu vikagawiwa. Nilipoitwa mbele nilitembea nikitazama sakafu. Grand aliniwekea laptop mikononi na kusema kwa sauti ya kusikika, "Hii ni ya mdogo wangu," na watu wakajibu amina. Jumatatu waliukabidhi ufunguo wa chumba kwa mwenye nyumba, wakapanda basi la Johannesburg.

Jumatano walirudi. Huko waliambiwa kwamba vipimo vya kifua vya mtoto mdogo vimepitwa na muda. Lazima apimwe upya, kisha wangoje tarehe nyingine. Wangoje hadi lini, hawakuambiwa. Chumba chao kilikuwa kimeshapata mpangaji, kwa hiyo mchungaji aliwapa chumba cha nyuma cha kanisa, palipokuwa pakiwekwa viti.

Habari zilizunguka Warwick kabla ya saa sita. Mjane alibeba godoro kichwani akalivusha barabara, magari yakimngoja kwenye robot, zile taa za barabarani. Mama wa kwaya alirudisha sufuria ikiwa na wali ndani. Pasi ilirudi. Hata mtu aliyekuwa amepewa kandambili alizirudisha, tukacheka kusikia hivyo.

Mama mdogo alikuwa akikunja nguo. "Watu wanarudisha vitu," alisema.

"Nimesikia."

"Basi."

Akaendelea kukunja. Nilisema nitaenda jioni. Jioni nikasema mvua. Kweli mvua ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo.

Alhamisi toleo likatoka. Mrundi alilishusha asubuhi, kabla wateja hawajajaa, akaliweka kwenye flashi na kunipa.

"Hatumsubiri grand?" niliuliza.

"Mashini ni ya nani?"

"Alinipa akijua anaondoka."

"Alikupa kanisani, watu wakasema amina. Mimi nilikuwepo. Unataka niseme nini?" Akanitazama vizuri. "Unataka nikwambie usiweke? Siwezi kukwambia. Unataka nikwambie weka? Hiyo pia siwezi. Eish, chomeka au nipe flashi yangu."

Nikachomeka.

Lilikuwa zuri. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini hakuna lililonipa furaha kama ile, na hakuna furaha iliyonikaa vibaya kama ile. Kila dirisha nililofungua nilimsikia angesema nini. Alama ya mtandao ilitoweka na kurudi yenyewe, nikajua angeshangilia kuona kosa hilo.

Ijumaa nikaenda. Nilikuwa na sentensi moja, nimeifanya mazoezi njia nzima: Grand, nimekuletea mashini yako. Nilijua nikiisema vizuri ataichukua, na nikiisema vibaya hataichukua.

Nilimkuta ameketi kwenye godoro, mtoto mdogo amemlalia pajani. Mke wake alikuwa akipepeta mchele. Grand aliona mfuko wa plastiki mkononi mwangu na kilichomo.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka."

"Umeshaiweka?"

"Ndiyo, grand."

Alitikisa kichwa polepole. Mke wake aliacha mchele. "Papa, mtoto ameleta mashini. Pokea."

"Hakuja kurudisha. Amekuja kunionyesha." Alinitazama. "Si ndivyo, petit?"

Hapo ndipo sentensi yangu ilipotakiwa. Ilikuwepo, nzima, mdomoni. Mpaka leo nasema moyoni kwamba ni haya iliyonifunga, kwamba siku zote nashindwa kusema mbele ya watu. Lakini neno moja nililiweza.

"Ndiyo," nilisema.

Mke wake akarudi kwenye mchele.

Grand alimlaza mtoto pembeni, akasogea ili nikae. Niliwasha. Mwanga ukamwangaza usoni, akaanza kunielekeza: fungua pale, sasa rudi, sasa ngoja. Mikono yake ilibaki magotini. Alama ya mtandao ilipotoweka alicheka kimyakimya asimwamshe mtoto. "Umeona? Wametoka na kosa lao wenyewe. Nilijua." Akamwita mke wake aje aone, naye akasema anaona.

Halafu akanyoosha kidole, akakisimamisha hewani.

"Naweza kugusa?"

Nikamgeuzia mashine. Alifuta kidole kwenye suruali kabla ya kugusa, akakifuta tena vizuri, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja ilipokuwa yake.