Jina la Bernadeta

Mwalimu Jonathan Shigela alichukia maneno yasiyo na mwenyewe, na sababu alikuwa nayo. Zamani, akiwa karani, barua isiyo na jina iliingia kwa mkuu wake ikidai kwamba anauza mafuta ya taa ya ofisi. Alisimamishwa kazi miezi minne kwa kosa asilolijua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi alipopata chaki, kwenye chuo kimoja pale Mwanza, alifundisha mawasiliano kwa ukali: barua iwe na mwandishi, kumbukumbu za kikao ziwe na msemaji. Miaka ya tisini magazeti ya watu binafsi yalipochipuka kama uyoga, chuo kikamwongezea somo la habari, naye akaingia nalo darasani na wimbo wake uleule.

"Habari bila jina ni umbea!" alisema, na wanafunzi wakamwigiza bwenini, kidole juu.

Evelina hakuwa wa kuigiza watu. Alikuwa binti mpole wa Usagara, na siku moja alimfuata mwalimu mezani, daftari kifuani. Alikuwa amezungumza na mama mmoja wa Igogo, Bernadeta, ambaye mtaani huitwa Mama Masalu, mkata minofu katika kiwanda cha samaki. Mama huyo alimweleza kwamba wanasimama kwenye maji ya barafu kutwa nzima, na buti hawapewi.

"Mwalimu, ameniomba nisimtaje. Nimemwahidi."

"Umemwahidi kwa idhini ya nani? Andika jina, umri na mtaa. La sivyo nakupa sifuri."

Akaandika. Shigela aliipenda kazi ile hata akaipeleka mwenyewe kwa mhariri wa gazeti jipya la mjini, ikatoka ukurasa wa tatu. Jumatatu yake Bernadeta alizuiwa getini, akaambiwa hana kazi tena.

Habari zilimkuta Shigela chumba cha walimu, chai ikamshinda. Alijiambia kwamba kosa ni la kiwanda, na ni kweli, lakini ukweli huo haukumpa amani. Yeye aliyeonewa na mwandishi aliyejificha, sasa alikuwa amemnyima mnyonge mahali pa kujificha. Aliona aibu, na aibu hiyo akaifunika kwa kusahihisha madaftari wiki tano nzima. Evelina naye hakuuliza tena swali darasani.

Wiki ya sita akashuka Igogo. Alimkuta Bernadeta kando ya barabara, mbele ya karai la mafuta, akikaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwanda kikishachukua minofu. Akajitambulisha kuwa ndiye mwalimu wa Evelina.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Masalu."

Bernadeta akamfutia kigoda kwa khanga, akamkalisha. "Umejisumbua bure kuja. Mwanafunzi wako alishafika siku ileile niliyofukuzwa, analia. Alisema alijisahau tu, akaandika jina. Mara ya pili akaja na unga. Nikaumwaga hapa barabarani, nikamwita msaliti, nikamwambia asikanyage tena kwangu."

Shigela angeweza kunyamaza, akanunua mapanki, akaaga kama mgeni mwema, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia, na likamfanya ajichukie zaidi.

"Mama Masalu, yule hakujisahau. Alikataa kuandika. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Bernadeta aligeuza mapanki, akageuza tena, ingawa yalikuwa yameshaiva. Hakupiga kelele. Shigela alitamani apige.

"Wiki zote hizi ulikuwa wapi, mwalimu?" akauliza hatimaye. "Kuikosa kazi nimeshazoea. Lakini mtoto wa watu nimemtukana mbele ya mtaa mzima, akapiga magoti hapo ulipokaa, akawa anazoa ule unga kwa mikono, na jina lako hakulitaja."